Oparesheni ya sikio haijamaliza kizunguzungu? Tafuta daktari wa pili kabla hujakubali nyingine

Kama umepasuliwa sikio kwa ajili ya kizunguzungu na bado nyumba inazunguka, usiende kwa daktari wa pili kumuuliza "unaweza kunipasua tena?" Muulize "hivi huu niliopasuliwa ndo ugonjwa ninaoumwa kweli?" Mimi hilo swali ndo lililoniachia sikio langu la kushoto mpaka leo.

Nakaa Igoma hapa Mwanza, nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba. Niliambiwa nina ugonjwa wa Ménière, yani maji ya sikio la ndani yanajaa kupita kiasi, nikafanyiwa ile oparesheni ya kuchonga mfupa nyuma ya sikio na kukifungulia nafasi kifuko cha hayo maji. Hospitali siitaji jina. Kidonda kikapona vizuri tu ila kizunguzungu kikarudi vile vile, naamka nashika ukuta, nikikaa najiona niko kwenye meli ya Ukerewe siku ziwa limechafuka. Nikarudi kwa daktari akaniambia basi kinachofuata ni kuliua kabisa sikio la ndani lisilete fujo tena. Na kusikia je? Kwa upande huo ndo basi tena. Hapo nikasema ngoja kwanza.

Nyumbani kila mtu na lake. Shemeji yangu wa Nansio akasema nimetupiwa kitu, mwingine akaleta mizizi, jirani akanionya nisimuudhi daktari maana siku nikizidiwa hatanipokea. Hili la jirani ndo linawafunga watu wengi na wala halina ukweli, madaktari wenyewe wakiugua wanaulizana. Mimi nilimwambia hivi: "Shikamoo daktari, nashukuru kwa yote, familia imeomba nisikie na daktari mwingine kabla sijaamua, naomba nakala za faili langu." Akanipa, hakununa.

Sasa kwenye hizo nakala usiridhike na karatasi ya kuruhusiwa, ile ina mistari miwili mitatu tu. Omba ripoti ya oparesheni yenyewe, picha za sitiskani na emuarai kwenye sidii, dawa zote ulizotumia, na vipimo vya usikivu vya KABLA ya kupasuliwa. Hivyo vya kabla ndo dhahabu, maana mtu wa Ménière mara nyingi usikivu wake unashuka kwenye zile sauti nzito, unapanda, unashuka tena, kwahiyo kama karatasi zako zote zinaonyesha sikio linasikia vizuri muda wote, daktari wa pili lazima ajiulize.

Kingine andika kizunguzungu kila kikikukamata kinadumu muda gani. Kile cha sekunde chache, hakifiki dakika, ukijigeuza kitandani au ukiangalia juu, mara nyingi ni vile vichembe vya sikio la ndani vimehama mahali pake, na hiyo dawa yake ni kulazwa chali na kugeuzwa kichwa kwa mpangilio, mbinu ya Epley, bila kisu. Ménière huwa dakika 20 mpaka masaa 12, sikio limejaa, linavuma, halisikii vizuri. Kipandauso nacho kinaleta kizunguzungu, kuanzia dakika 5 mpaka masaa 72, na wengi hapo mwanga na kelele vinawakera, halafu kichwa si lazima kiume kila mara, ndo maana kinafichika.

Mimi ikawa kipandauso, na vile vichembe juu yake, tena sikio la KULIA! Daktari wa pili alinisikiliza muda mrefu kabla hajagusa sikio, akaniuliza kama nilikuwa naumwa kichwa nilipokuwa binti, nikamwambia sana. Nikageuzwa kichwa pale pale, nikapewa propranololi ya kuzuia kipandauso (wenye pumu mseme mapema, hiyo haiwafai) na mazoezi ya kusimamia mwili. Sijapona asilimia mia ila nafanya biashara yangu.

Na sisemi daktari wa kwanza ni mbovu. Oparesheni ile yenyewe ina ubishi wa siku nyingi. Mwaka 1981 madaktari wa Denmark walitoa majibu ya utafiti wa wagonjwa 30, nusu walifanyiwa kamili na nusu wakachongwa mfupa tu, na wengi wa pande zote mbili wakapata nafuu. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana.

Ukiambiwa sikio liuliwe, iwe kwa kisu, kukata mshipa wa fahamu au sindano ya jentamisini, uliza "sikio la pili limepimwa, ni zima?" Maana ukiua moja na la pili likawa bovu, hubaki na sikio la kukusimamisha. Na kama unasikia sauti yako au mapigo ya moyo yanavuma ndani ya sikio, au mziki mkubwa unakuzungusha, sema, kuna watu mfupa wa sikio la ndani una uwazi na ule unatafutwa kwa sitiskani ya mfupa wa sikio.

Hivi vidonge vya kizunguzungu, Stugeron, za kumeza miezi na miezi muulizeni daktari, zinatuliza ila zinachelewesha ubongo kuzoea, na kwa wazee zinaweza kuleta mwili kutetemeka.

Wapi? Hospitali ya Bugando hapa Mwanza kuna idara ya masikio, pua na koo, kwingine ni Muhimbili kule Dar, wenye bima ulizeni mambo ya rufaa kabla ya kukata tiketi. Ila maji meupe yakitoka sikioni au puani baada ya oparesheni, homa na shingo kukaza, uso kupinda, kusikia kuzima ghafla, au ulimi kuwa mzito na mkono kulegea, hapo usitafute maoni ya mtu, kimbia dharura.

Wavuvi na nyie mnaooga ziwani, usawa wa mwili ukishaharibika msizame peke yenu, hasa usiku, maana chini ya maji gizani mtu huyo anaweza asijue juu ni wapi.