Maswali ya Wasomaji: Taa ya AdBlue Isiyokubali Kuzimika

SWALI: Mpendwa mwandishi wa safu, hujambo? Nina jipu la dizeli la mwaka 2016 lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika. Tangu mwaka jana taa ya injini huwaka pamoja na ujumbe kwenye dashibodi kwamba mfumo wa AdBlue (kimiminika cha kusafishia moshi wa dizeli) una hitilafu, kisha gari huanza kuhesabu kilomita zilizobaki kabla halijakataa kuwaka. Fundi huja na mashine yake na kuufuta ujumbe, nami huendesha kwa wiki mbili tatu, halafu tunarudi palepale. Tumebadilisha sensa moja ya noksi (kipima gesi chafu za moshi), tumemwaga AdBlue ya zamani na kujaza mpya, na sasa ninaambiwa kwamba katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, imekufa, nayo bei yake inatisha. Gari hili hupeleka watoto shule asubuhi, na mara mojamoja huenda Nairobi. Je, jambo hili lina mwisho, au ndiyo tabia ya magari haya?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada msomaji, usinunue katalisti bado. Barua yako imeeleza mambo kwa utaratibu, lakini hakuna mahali ulipotaja msimbo wa hitilafu uliosomwa kwenye mashine, na bila msimbo huo, pamoja na vipimo vinavyopaswa kuufuata, hakuna fundi awezaye kusema kwa uhakika kwamba katalisti imekufa. Kufuta ujumbe ni kuiambia kompyuta ianze kupima upya. Nayo hutii, hupima, hukuta kasoro ileile na kuwasha taa ileile. Inachukua wiki kadhaa badala ya dakika chache kwa sababu vipimo hivyo hufanyika tu gari likiwa limepata joto na mwendo wa kutosha, na safari ya kwenda shule haitoi nafasi hiyo kila siku.

Ili uweze kuzungumza na fundi wako bila kuyumbishwa, ni vyema uelewe kinachotendeka chini ya gari. AdBlue ni urea safi asilimia 32.5 iliyoyeyushwa katika maji yaliyoondolewa madini, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 22241. Hukaa katika tangi lake, husukumwa na pampu kwa mgandamizo ambao katika mifumo mingi ya magari madogo unakaribia bar 5, na hunyunyizwa na nozeli ndani ya ekzosi kabla ya katalisti. Joto la moshi huigeuza urea kuwa amonia. Amonia ikikutana na oksidi za nitrojeni, yaani noksi, ndani ya katalisti, kinachotoka nyuma huwa ni nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Katika magari mengi kuna sensa ya noksi kabla ya katalisti na nyingine baada yake, na kompyuta hulinganisha masomo ya hizo mbili.

Tofauti ikiwa ndogo kuliko inavyotarajiwa, kompyuta huandika msimbo P20EE, na hapo ndipo fedha za wenye magari hupotelea. Msimbo huo hausemi kwamba katalisti ni mbovu, bali unasema kwamba moshi haukusafishwa vya kutosha. Katalisti nzima kabisa itatoa matokeo hayohayo ikiwa AdBlue ni hafifu, ikiwa nozeli imeziba nusu, ikiwa ekzosi inavuja karibu na sensa, au ikiwa sensa yenyewe inasoma uongo. Msimbo P20E8 ungetupeleka kwingine, kwenye mgandamizo mdogo wa pampu, na P207F ungetuelekeza kwenye ubora wa AdBlue. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwomba fundi ni kwamba asifute chochote kabla hajaandika misimbo yote kwenye karatasi, pamoja na kilomita na joto la moshi kompyuta ilipoandika kila mmoja, kwa kuwa mashine nzuri huonyesha hayo yote.

Baada ya hapo aanze na kipimo kilicho rahisi kuliko vyote. Refraktomita ya AdBlue ni kifaa kidogo cha mkononi: unadondosha tone moja kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma asilimia. Ikikaa kwenye 32.5, au karibu sana nayo, AdBlue imepita mtihani wa kwanza. Ikisoma 28, kuna mtu aliyeongeza maji, ama dukani ama gerejini. Tone hilo litoke kwenye tangi la gari, si kwenye dumu jipya, maana ulimwaga ya zamani kwa njia ambayo huenda iliacha lita kadhaa chini.

Kipimo cha pili ndicho ninachokithamini zaidi, na ndicho kinachorukwa mara nyingi zaidi. Nozeli hufunguliwa kutoka kwenye ekzosi huku mpira wake na waya wake vikiwa bado vimeunganishwa, huelekezwa ndani ya kikombe chenye alama za mililita, kisha mashine huamuru mfumo unyunyize kiasi kinachojulikana. Kiasi kilichoingia kwenye kikombe hulinganishwa na kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, na wakati huohuo fundi hutazama umbo la mnyunyizo: unatakiwa utoke kama ukungu wenye miale iliyosawazika, usitoke mchirizi wa upande mmoja wala matone. Nozeli ikiwa na gamba jeupe gumu mdomoni, tumekaribia sana kumpata mkosaji. Gamba hilo likiwa ni chumvi ya urea tupu, maji ya moto yaliyoondolewa madini hulilainisha. Likiwa limeungua na kuwa kama ukoko, kifaa hubadilishwa, na mahali kilipokaa kwenye ekzosi pasafishwe pia, la sivyo nozeli mpya itaziba kwa uchafu wa zamani.

Gamba hilo lina sababu zake, nazo zinagusa matumizi yako. Kompyuta hainyunyizi AdBlue mpaka moshi ufikie joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi, na hata likifikiwa, moshi usio na moto wa kutosha huiacha urea igande ukutani mwa ekzosi badala ya kugeuka amonia yote. Gari linaloendeshwa dakika kumi, likazimwa, likaendeshwa tena dakika kumi, huishi katika hali hiyo daima. Safari moja kila wiki ya nusu saa au zaidi barabara kuu, kwa mwendo usiokatika, italisaidia sana.

Sababu ya pili ni ya kwetu hasa. Unapozima injini, pampu huendelea kufanya kazi kwa muda mfupi ikirudisha AdBlue tangini ili isibaki kwenye mpira na nozeli yenye moto. Ukisimama karibu na gari utaisikia ikinguruma. Magari mengi hapa yamefungwa swichi ya siri ya kukata umeme, au kifaa cha kuzuia wizi kilichounganishwa kwenye waya mkuu, na swichi ya aina hiyo ikikata umeme papo hapo, AdBlue hukaukia njiani kila siku ya Mungu. Muulize aliyefunga kengele ya gari lako alikata waya gani. Vivyo hivyo, mtu yeyote anayetaka kufungua kichwa cha betri asubiri dakika chache baada ya kuzima.

Sasa tuzungumzie sensa. Mmebadilisha moja, lakini hukusema ni ya mbele au ya nyuma, wala kama kompyuta iliambiwa kwamba sensa ni mpya. Katika magari mengi thamani ambazo kompyuta imejifunza kutokana na sensa ya zamani lazima zifutwe kwa mashine, kwani bila hivyo itaendelea kusahihisha makosa ambayo hayapo tena. Sensa ya noksi ina ncha ya kauri inayopashwa moto mkali sana, na maji yakiigonga ikiwa ya moto inaweza kupasuka; kwa sababu hiyo, wale vijana wa kuosha magari wanaoelekeza bomba la presha chini ya gari lililotoka safari ndefu ni maadui zake wakubwa. Fundi akague pia viunganishi vya waya: chumvi nyeupe au kijani kwenye pini huleta hitilafu inayokuja na kutoweka, ambayo hakuna kubadilisha vifaa kutakakoimaliza.

Kuna kasoro moja ambayo hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja. AdBlue huganda baridi ikifika nyuzi 11 chini ya sifuri, kwa hiyo tangi lina hita. Nakuru haitafika huko, lakini kompyuta huendelea kuupima mzunguko wa umeme wa hita hiyo, na ukikatika, magari mengi huwasha taa na baadhi huanza hata kuhesabu kilomita. Mara nyingi hita imefungwa pamoja na pampu au na tangi zima, na mwenye gari analazimika kununua vyote kwa ajili ya baridi asiyoijua. Msimbo wa hita ukiwa ndio pekee, tafuta kwanza fundi wa umeme apime waya na fyuzi.

Endapo AdBlue ni nzuri, kiasi kinachonyunyiziwa ni sahihi, ekzosi haivuji na sensa zote mbili zinasoma vyema, hapo ndipo katalisti itakuwa imeshitakiwa kwa haki. Hata hivyo, salfa ya dizeli huweza kuizubaisha bila kuiua. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 2015 kiliruhusu salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, ilhali Japani na Ulaya ni 10, na dizeli ya madumu ya kando ya barabara haina anayeijibia. Katalisti iliyolewa salfa huweza kurejea kwa joto kali, ambalo gari hulitengeneza lenyewe linapochoma masizi ya chujio lake, au fundi huliamuru kwa mashine. Mwombe afanye hivyo na kupima tena kabla hujaagiza mpya. Taa ikibaki baada ya matengenezo sahihi, usikate tamaa siku hiyohiyo: kompyuta inahitaji safari ndefu ili ijiridhishe.

SWALI: Nina Hiace ya dizeli ya 2018 kutoka Japani, nayo inatumia AdBlue. Mjini kwetu haipatikani kila mara. Kijana wa gereji anasema urea ni urea, nichanganye mbolea na maji ya betri kwa kipimo kilekile. Kuna ubaya gani?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Upo, tena mkubwa, ndugu yangu. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa ajili ya shamba, na ndani yake mna biureti (kemikali inayojitokeza urea inapotengenezwa) nyingi kuliko ile asilimia 0.3 ambayo kiwango cha ISO 22241 huiruhusu, pamoja na madini na mara nyingi kemikali za kuzuia punje zisishikamane. Biureti huacha ukoko usioyeyuka kwenye nozeli, na madini hukaa juu ya katalisti na kuiua taratibu. Refraktomita haitakuonya, kwa kuwa hupima wingi wa urea na si usafi wake. Ndiyo maana mchanganyiko huo huonekana mzuri mwezi wa kwanza.

Habari njema ni kwamba huhitaji nyingi. Gari dogo hutumia takriban lita 1 hadi 1.5 kwa kilomita 1,000, ingawa mizigo huongeza kiasi hicho, hivyo madumu mawili ya lita 10 yakinunuliwa unapopita mji mkubwa yatakufikisha mbali. Tazama tarehe ya kutengenezwa na mahali yalipokaa: kiwango hicho hukadiria maisha ya miezi 18 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, miezi 12 kwenye 30, na miezi 6 tu kwenye 35. Dumu lililopangwa nje juani mbele ya duka liache hapohapo. Ukifungua na kupokewa na harufu kali ya amonia, usilitie kwenye gari.

Uwe mwangalifu pia na midomo ya matangi. AdBlue ikimiminwa kwenye tangi la dizeli, au dizeli kwenye tangi la AdBlue, usiwashe hata swichi, kwani pampu huenda zikaanza kuvuta papo hapo. Lisukume gari kando, na tangi likamuliwe. Kosa lililogunduliwa kabla ya kuwasha huisha kwa kuosha tangi, lakini AdBlue ikifika kwenye pampu ya presha na injekta za injini, bili yake huweza kulizidi gari.

SWALI: Fundi ananishauri tuufunge, yaani tuuzime, mfumo wa AdBlue kwenye kompyuta ili nisahau habari zake. Wengi wamefanya. Unasemaje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ninakushauri usifanye, kaka, na sababu yangu ya kwanza haihusu sheria. Faili wanazoandika baadhi ya mafundi hao hunyamazisha pia misimbo ya jirani, ikiwemo ya joto la ekzosi na chujio la masizi, hivyo tatizo lijalo halitakupa onyo lolote. Kisha AdBlue iliyobaki tangini hukauka, na pampu haifai tena; anayetaka kuurejesha mfumo baadaye, au mnunuzi anayeudai, huanza upya kwa vifaa vipya. Injini hizi nazo zimepangwa zikitegemea kusafishwa moshi wake mbele ya safari, na ukiondoa usafishaji huo, noksi hutoka yote, haionekani kwa macho, na huvutwa na anayesimama nyuma yako kwenye foleni ya Likoni. Kenya ina kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2014 zinazohusu moshi wa magari pia, na Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu ufungaji huo kuwa kosa.

Kama ulikwisha kufungiwa na aliyekuuzia, muulize kama alihifadhi nakala ya faili ya awali ya kompyuta. Ikipatikana, ihifadhi, kisha tangi lioshwe kwa maji yaliyoondolewa madini na pampu ipimwe mgandamizo kabla faili hiyo haijarudishwa. Ikikosekana, muulize wakala wa aina ya gari lako kama anaweza kuandika programu halisi kwa kutumia namba ya chesisi.