Maswali yenu: Kampeni ya walowezi kwenye bara jipya naianzaje?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ndo naendesha mchezo hapa kwetu, tuko watano tunacheza Dungeons & Dragons kila jumamosi jioni, ule mchezo wa mezani wa kusimulia kisa, kila mmoja ana mhusika wake na dadu ndo zinaamua. Tumemaliza kampeni (kisa kimoja kirefu cha vikao vingi) ya mapango na majoka, sasa wenzangu wanataka kitu kipya na mi nimepata wazo la walowezi wanaovuka bahari kwenda bara jipya wakajenge mji kuanzia ziro. Ramani ninayo kubwa tu, milima, mito, magofu, majina yote nimeshaweka, ila kila nikikaa kuandika kikao cha kwanza naona kimelegea, wanashuka melini alafu iweje? Na uchawi nao unanivuruga, nina mchezaji mmoja druidi, yaani mchawi wa nguvu za asili, huyo peke yake anamaliza njaa yote. Nisaidie tafadhali.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mdogo wangu, ramani ikunje uiweke pembeni kwanza, itakufaa baadae. Kampeni ya walowezi inasukumwa na vitu viwili, ghala la chakula na majirani. Ukishavijua hivyo, kikao cha kwanza hakikusumbui. Na mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni Jamestown, koloni la Waingereza kule Virginia, Marekani ya leo, maana karibu kila kitu unachokitaka mezani pale kilishatokea kweli.

Mei 1607 meli tatu zinashusha wanaume na wavulana 104. Wanachagua kakisiwa ndani ya mto kwa sababu meli zinaweza kufungwa karibu kabisa na nchi kavu na ni rahisi kujilinda Wahispania wakija. Sawa, ila ni kinamasi, hakuna chemchemi, na wakati wa joto maji ya mto yanaingiwa na chumvi ya bahari. Yaani uamuzi wa siku za mwanzo kabisa, ambao mwanajeshi yeyote angeupitisha, ndo ukaja kuzika watu. Kufika Januari 1608 walio hai ni 38. Na wengi waliokuja walikuwa mabwana wa koo zenye jina, jembe hawajawahi kulishika, na kampuni iliyowatuma kutoka London inataka dhahabu, ikawaongezea mpaka mafundi wa kusafisha dhahabu wakati watu wanataka mkulima na mvuvi. Juu ya hayo kulikuwa na ukame mbaya kuanzia 1606 mpaka 1612, wataalamu wameusoma kwenye pete za miti ya kale, kwa hiyo hata wenyeji mahindi yao yenyewe yalikuwa ya kuhesabu na huyu mgeni kila siku yuko mlangoni anataka kununua, akinyimwa anachukua kwa bunduki.

Sasa rudi kwenye kikao chako cha kwanza. Usiwape pambano, wape uchaguzi wa pa kujenga. Weka sehemu tatu. Ya kwanza ina bandari ya kina lakini maji yake mabaya. Ya pili ni kilimani, salama, ila maji mpaka uteremke nusu siku. Ya tatu ina udongo mweusi na kijito kizuri kabisa, shida ni kwamba ukitazama vizuri unaona matuta ya zamani, yaani hilo ni shamba la mtu limepumzishwa. Wachezaji wako watabishana mpaka chai ipoe na wewe kaa kimya, andika tu kwenye daftari lako kila walichokichagua kitawadai nini miezi sita mbele. Mimi napenda sana kikao cha namna hiyo, kwa sababu mtu akiwa amepachagua mwenyewe basi hata homa ikiingia kambini hamlaumu mwendesha mchezo.

Ghala nalo liwe karatasi katikati ya meza, kila mtu analiona. Andika watu 100, chakula cha siku 90. Kila wiki ya mchezo ikipita unakata namba mbele yao kwa kalamu. Alafu waambie meli ya pili imeahidiwa, ila itafika lini utarusha dadu wewe. Hapa tena Jamestown inakupa zawadi: 1609 msafara mkubwa wa meli ulitumwa kuwaokoa, ukapigwa na dhoruba, na meli kuu, Sea Venture, iliyobeba wakubwa wa koloni ikaishia kwenye miamba ya visiwa vya Bermuda. Zile nyingine zilizofika zilileta midomo ya kulisha kuliko chakula, na wale wa Bermuda wakakaa huko miezi wakijenga vyombo viwili vidogo kwa mbao za mierezi na mabaki ya meli yao. Walipofika Jamestown Mei 1610 walikuta kama watu 60 tu, mifupa inayotembea, kati ya mia kadhaa walioingia kwenye yale majira ya baridi. Mwezi uliofuata wakaamua basi, tunafunga mji, wakapanda vyombo wote wakaanza kushuka na mto, na njiani wakakutana na mashua ya gavana mpya akija na watu na vyakula, ikabidi wageuze! Hebu fikiria hicho kikao, wachezaji wako wameshakubali kushindwa, wamefunga mizigo, alafu kuna tanga linaonekana mdomoni mwa mto na hawajui ni la nani.

Kuhusu druidi wako usimnyang'anye kitu. Piga hesabu. Uchawi wa Goodberry kwenye toleo la tano la mchezo unatoa tunda 10, kila moja linamshibisha mtu siku nzima, na druidi wa levo ya kwanza ana nafasi mbili za uchawi kwa siku, yaani anaweza kuupiga mara mbili tu. Hayo ni matunda 20, na kambi ina watu 100. Kwa hiyo njaa haijaisha, imehamia kwake: kila asubuhi kuna foleni nje ya hema lake na yeye ndo anaamua nani anakula, mjamzito, mlinzi wa usiku, au yule seremala ambaye asipokuwepo ukuta hausimami. Na akitumia zote kwenye matunda, siku hiyo hana uchawi wa kumponya mtu. Akija kuhani wa levo ya tano na uchawi wake wa Create Food and Water atalisha watu 15 kwa mpigo mmoja, sawa, ila kufika hapo mji umeshakua na midomo imeongezeka. Umempa mchezaji wako cheo kikubwa kuliko upanga wowote.

Majirani nimewaacha mwisho ila wewe waandike kabla ya kitu kingine chochote. Kosa ninaloliona sana kwenye kampeni za aina hii ni bara tupu, au bara lenye wenyeji ambao kazi yao ni mbili, kushambulia au kugawa chakula. Watu wa kweli wana mambo yao. Chukua Plymouth, Massachusetts, koloni lingine la Waingereza huko huko Marekani. Walowezi 102 walifika mwishoni mwa 1620, kufika majira ya kuchipua nusu wameshakufa, wangeweza kufutwa pale kwa siku moja. Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, wenyeji wa pale, badala yake akafunga nao mapatano Machi 1621. Kwa nini? Kwa sababu kati ya 1616 na 1619 maradhi yaliyoletwa na meli za Ulaya yalikuwa yamemaliza watu wake vijiji kwa vijiji, na majirani zake wa magharibi, Wanarragansett, hawakuguswa sana, wakaanza kumkalia juu. Alihitaji rafiki mwenye bunduki. Na sisi wa pwani hiyo habari tunaijua, 1498 Vasco da Gama alipokosana na Mombasa akapokelewa vizuri Malindi na kupewa rubani wa kumfikisha India, na Malindi walikuwa na ugomvi wao na Mombasa kabla huyo Mreno hajazaliwa kwenye fikra za mtu yeyote pale.

Kwa hiyo andika mataifa matatu ya wenyeji, na kwa kila moja jibu hili: kama meli zisingekuja, mwaka huu wangekuwa wanafanya nini? Vita gani, harusi gani, deni gani. Walowezi wako ni kipande kinachoingia katikati ya hayo. Ukifanya hivyo hutakosa kisa hata mkicheza miaka miwili.

SWALI: Mwenzetu mmoja kwenye kundi hataki kuwa mlowezi, anataka acheze mwenyeji. Mwingine anasema kampeni yote ya ukoloni inamkera, tuiache. Unatushauri nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Huyo wa kwanza mkubalie leo leo, amewafanyia wema. Mpe awe mkalimani. Kule Plymouth alikuwepo mwenyeji mmoja, Tisquantum, alitekwa na Waingereza 1614 akapelekwa kuuzwa Hispania, akatoroka akafika London, aliporudi kwao 1619 akakuta kijiji chake Patuxet hakina mtu hata mmoja, wote wameuawa na maradhi, na walowezi walipokuja wakajenga juu ya mashamba hayo hayo ya Patuxet. Yeye ndo akawafundisha kupanda mahindi. Na hakuwa malaika wa mtu, alitumia nafasi yake, aliwatisha watu wa jirani kwamba Waingereza wana tauni wameizika ardhini na yeye anaweza kuwafanya waifungulie, mpaka Massasoit akadai apewe kichwa chake. Mhusika wa namna hiyo anashikilia pande zote mbili za mazungumzo, hakuna mtu mezani atakayekuwa na kazi nzito kama yake.

Huyo wa pili msikilizeni vizuri kabla hamjarusha dadu. Ana haki ya kukereka, hizi habari zimeishia watu kunyang'anywa nchi, na kule Virginia Agosti 1619 tayari wanashushwa Waafrika ishirini na kitu waliotekwa kutoka Angola, waliporwa kwenye meli ya watumwa ya Wareno. Kaeni mkubaliane nini kinaonyeshwa, nini kinatajwa tu, nini hakiingii kabisa mezani kwenu, na mtu akisema simama basi mnasimama bila kuulizana sababu. Kitu kimoja tu nawaomba, msilitatue kwa kuwaondoa wenyeji ili bara libaki tupu, hapo ndo mnawafuta mara ya pili. Afadhali mgeuze, wachezaji wote wawe wa kijiji kilichopo na meli ndo inaonekana upeoni. Nyinyi mnaamua mnawauzia mahindi au la, na kwa masharti gani.

SWALI: Sisi tuko wengi, kama kumi hivi, ila kazi za shifti, hatujawahi kukutana wote. Kampeni ndefu itawezekana?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Inawezekana na hii ya walowezi ndo inawafaa kuliko zote. Tafuteni habari za mtindo wa West Marches wa Ben Robbins, mbunifu wa michezo ya aina hii. Hakuna siku maalum wala kundi maalum, wachezaji ndo wanapanga nani anakwenda na wanakwenda wapi, mwendesha mchezo anawafuata. Sharti moja, kila kikao kianze ngomeni, yaani kwenye mji wa walowezi, na kiishie ngomeni, msilale porini mkasema tutaendelea wiki ijayo, maana wiki ijayo wanaokuja ni wengine. Ramani ya wote ibandikwe ukutani, kila waliorudi wanachora walichokiona, hata wakikosea acha hivyo hivyo, kundi linalofuata litagundua kwa miguu yao kwamba mto uko upande mwingine.