Jamhuri si lazima iwe ya kidemokrasia

Ndugu yangu uliyeuliza China inajiitaje jamhuri wakati inaongozwa na chama cha kikomunisti: hayo hayagongani hata kidogo, maana jamhuri, demokrasia na ukomunisti, kila neno linajibu swali lake.

Jamhuri inahusu kiti cha juu tu, kwamba mkuu wa nchi si mfalme wala hakurithi. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 huku mkuu wa nchi akibaki Malkia Elizabeth II. Jamhuri ikaja mwaka uliofuata.

Demokrasia inauliza kama wananchi wanaweza kumwondoa kiongozi kwa kura. Uingereza ina mfalme na ni demokrasia. Sisi tulikuwa jamhuri ya chama kimoja kuanzia 1965 hadi 1992, kura ya rais ni ndiyo au hapana kwa jina moja. Wazee wa hapa Mwanza wanaikumbuka vizuri.

Ukomunisti unagusa mali. Nenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki hapa Mwanza, alfajiri: mtumbwi, injini na nyavu ni vya tajiri, mafuta yanakatwa kwanza, wavuvi wanagawana sehemu yao. Mkomunisti anataka vyombo hivyo viwe vya umma na tajiri asiwepo kabisa. Kinyume chake hasa ni ubepari. Watu wanaupambanisha ukomunisti na demokrasia kwa sababu kule ulikotangazwa, Urusi baada ya 1917 na China tangu 1949, chama kimoja kilishika dola na hakikuruhusu mpinzani wa kweli. Hilo ni kosa zito, na mimi silitetei.