Raha ya filamu za mapigano na mashujaa zinapoangaliwa nyumbani

Mwenzetu ameuliza ni raha gani anayoipata mtu anayekaa nyumbani kuangalia filamu ya mapigano au ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, ilhali skrini ni ndogo, mwisho anaujua, na kila mtu anafahamu kwamba steringi hafi. Nimeziangalia filamu hizi kwa miaka mingi, kwanza kwenye kanda za VHS, baadaye kwenye diski na sasa kupitia intaneti, na kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya raha hiyo imo kwenye rimoti.

Katika jumba la sinema filamu hupita kwa mwendo wake, nawe huna uwezo wa kuiambia isubiri. Nyumbani mtazamaji hugeuka mkaguzi. Anarudisha nyuma sekunde kumi ili aone kama teke lile lilifika kweli, anasimamisha picha ili atambue kama anayeruka dirishani ni mwigizaji mwenyewe au mtu aliyevalishwa nguo zake, kisha anapeleka mbele polepole mpaka aridhike. Mfano ninaoupenda ni Police Story ya mwaka 1985, ambamo Jackie Chan, akiwa ndani ya jengo la maduka, anarukia nguzo ndefu iliyozungushiwa taa na kuteremka nayo mpaka chini huku taa zikipasuka na cheche zikiruka. Filamu yenyewe inalionyesha tukio hilo mara tatu mfululizo kutoka pembe tofauti, kana kwamba mwongozaji, ambaye ni Chan huyohuyo, alijua kuwa mtazamaji angetaka kulirudia. Mikono yake iliungua katika kuteremka huko, na ukishalijua hilo huwezi kuiangalia nguzo ile kwa macho ya awali.

Rimoti hiyohiyo huziumbua filamu dhaifu. Kuna mapigano yaliyokatwakatwa vipande vya nusu sekunde, kamera ikitetemeka mfululizo, ambayo ukumbini hukupa hisia ya vurumai kwa sababu ya kelele na ukubwa wa picha. Ukiyarudia nyumbani unagundua kwamba hakuna kitu: hujui nani amesimama wapi, mlango uko upande gani, wala ngumi ilitoka kwa nani. Pigano linalodumu ni lile ambalo hata sauti ukiizima unaweza kulisimulia hatua kwa hatua, na kwangu mimi hicho ni kipimo cha haki zaidi kuliko gharama ya filamu.

Kuhusu mashujaa wenye nguvu za ajabu, sikubaliani na wanaodhani kwamba watu hurudia sehemu za miji kubomolewa. Majengo yanayoporomoka huchosha haraka, hasa pale yanapokuwa yote ni kazi ya kompyuta. Kinachorudiwa ni zile nyakati ndogo ambazo mwili wa mwigizaji ndio unaofanya kazi yote. Katika Superman ya mwaka 1978, Christopher Reeve ni Superman anayejificha kama Clark Kent, mwandishi wa habari mwenye miwani; yuko sebuleni kwa Lois Lane, mwandishi mwenzake, naye Lois ameingia chumbani kidogo. Clark anaamua kumwambia Lois kwamba yeye ndiye Superman: anavua miwani, mabega yaliyoinama yananyooka, kimo kinaongezeka, na sauti inakuwa nzito, kisha anaghairi, anavaa miwani, mabega yanashuka, na yule mwandishi wa habari mwenye haya anarejea. Hakuna waya wala hila ya kamera katika sekunde hizo. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko sehemu yoyote anayopaa angani.

Ukubwa wa picha nao una habari yake. Enzi za kanda, filamu iliyopigwa kwa upana ilikatwa pande zote mbili ili itoshee runinga ya mraba, na kwa filamu pana kabisa karibu nusu ya picha ilipotea. Unaona steringi anarusha ngumi, anayepigwa yuko nje ya kioo. Siku hizi mambo yamegeuka. Kwenye diski ya Blu-ray ya The Dark Knight, filamu ya mwaka 2008, sehemu zilizopigwa kwa kamera za IMAX, ambazo picha yake ni kubwa na ndefu zaidi kwenda juu, hujaza runinga nzima, na zilizobaki huwa na mistari myeusi juu na chini. Wapo wanaokerwa na mabadiliko hayo. Mimi huyangoja, kwa sababu picha inapopanuka najua jambo kubwa linakuja.

Tatizo ambalo wengi hulilalamikia ni sauti: mazungumzo hayasikiki, kisha bomu linapolipuka nyumba nzima inaamka. Sauti za filamu hizi huchanganywa kwanza kwa ajili ya ukumbi mkubwa, na spika za runinga nyembamba haziwezi kubeba tofauti hiyo yote. Kama una spika za ziada, pandisha ile ya katikati, maana ndiyo inayobeba mazungumzo; kama huna, tafuta kwenye mipangilio ya runinga yako sehemu ya kuangalia usiku, ambayo hupunguza makelele na kuinua minong'ono. Mlipuko utapungua nguvu kidogo, lakini utaelewa kwa nini ulitokea.

Kwa swali lako la mwisho, kama ununue diski au utosheke na intaneti, jibu langu linategemea filamu yenyewe. Filamu yenye mapigano mengi ya gizani inunue kwenye diski, kwa kuwa picha inayopitia intaneti hugandamizwa zaidi, na weusi wake mara nyingi huvunjika vipandevipande. Kabla ya kulipa, soma nyuma ya kasha uone kama kuna maelezo ya mwongozaji na ya walioratibu matukio ya hatari. Sehemu zilizoondolewa kwenye filamu na kuwekwa kwenye diski kama nyongeza zisikushawishi sana. Nyingi nilizoziona zilistahili kukatwa.