Barua kwa mwanangu: kabla hujalipa amana ya hilo jengo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Umepata jengo la ghorofa moja: chini kuna duka lenye mpangaji, juu kuna makazi ambayo wewe na mwenzio mngependa kuhamia. Muuzaji amekuonyesha hati, dalali anakuhimiza ulipe amana wiki hii kwa sababu kuna mnunuzi mwingine, na wakili wa muuzaji amejitolea kukuwakilisha na wewe ili upunguze gharama. Unaniuliza kama ni salama, na kama mwandikishe majina yenu mawili. Huenda jengo ni zuri kabisa. Hata hivyo, usitoe hata senti kabla hujajua ni akina nani wengine wenye haki juu yake.

Hati uliyoonyeshwa haitoshi. Mtu anaweza kushika hati halali yenye muhuri, kumbe kuna zuio la mahakama juu ya mali yenyewe. Katika nchi nyingi zinazosajili umiliki, kauli ya mwisho ni ya rejista, yaani daftari la ardhi la serikali. Mtindo huo ulianza Australia Kusini mwaka 1858, kwa juhudi za Robert Torrens. Kabla yake mnunuzi alilazimika kufuatilia nyaraka za wauzaji wote waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na waraka mmoja mbovu huko nyuma uliweza kuharibu kila kilichofuata. Marekani, sehemu nyingi bado hufuatilia hivyo, ndiyo maana wanunuzi wa huko hukata bima ya hati, yaani bima ya kuwafidia umiliki ukionekana una kasoro.

Basi fanya upekuzi, yaani uombe kwenye ofisi ya ardhi uonyeshwe rejista ya mali hiyo. Rejista nyingi zina sehemu tatu: ya kwanza inaeleza mali yenyewe, ya pili inamtaja mmiliki, ya tatu inaorodhesha mizigo, yaani rehani, mazuio na haki za watu wengine. Watu huishia ya pili, wakiona jina la muuzaji wanafurahi. Wewe soma ya tatu neno kwa neno. Na ujue kwamba majibu ya upekuzi yanasema habari za siku ile tu. Wakili wako aurudie karibu na siku ya kumalizia malipo, maana katikati hapo muuzaji anaweza kukopa kwa dhamana ya mali hiyohiyo.

Kisha mtazame anayetia sahihi. Kama hati ina majina mawili, wote wawili watie sahihi. Nchi nyingi hudai pia ridhaa ya mke au mume hata kama jina lake halimo, hasa ikiwa ni nyumba wanayoishi. Aliyetajwa akiwa amefariki, watoto wake hawawezi kuuza kwa makubaliano yao tu. Anayehitajika ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa kisheria. Na hati ya uwakilishi, ile ya kumruhusu mtu auze kwa niaba ya mwenye mali, kwa kawaida inakoma aliyeitoa akifa, hata karatasi iwe nzuri namna gani.

Juu ya wakili sina mjadala: tafuta wako. Wakili wa muuzaji anaweza kuwa mtu mwaminifu sana, lakini siku mkigongana kuhusu amana au ufa wa ukuta, atamtetea nani? Amana yenyewe, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya bei, isiende mfukoni mwa muuzaji wala wa dalali. Ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba utamke wazi itarudi kwako lini: benki ikikunyima mkopo, upekuzi ukitoa rehani isiyofutwa, muuzaji akishindwa kuhamisha umiliki. Ukitumiwa barua pepe kwamba namba ya akaunti imebadilika, usilipe. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Matapeli hudukua mawasiliano ya ununuzi na kungoja siku ya malipo.

Sasa lile duka, ndilo linalonikosesha raha. Kununua jengo hakumwondoi mpangaji. Kwa kawaida unarithi mkataba wake jinsi ulivyo. Dai mkataba wote, pamoja na nyongeza zake, na usikubali kusimuliwa tu. Tazama unaisha lini na kama mpangaji ana haki ya kuuongeza kwa uamuzi wake mwenyewe. Tazama kodi inapandishwaje, na paa likivuja nani analipa. Halafu mwombe mpangaji aandike na kutia sahihi: analipa kiasi gani, amelipa mpaka mwezi gani, na aliweka dhamana, yaani fedha za kurudishiwa akihama, kiasi gani kwa muuzaji. Hapo ndipo watu huumia. Mpangaji akiwa amelipa kodi ya mwaka mzima mbele, fedha ile anayo muuzaji, nawe utakaa miezi bila kupokea chochote. Dhamana nayo, siku mpangaji akihama, atakudai wewe. Vyote viwili vikatwe kwenye bei au vikabidhiwe siku ya kumaliza, na mkataba wenu useme hivyo.

Uliza pia matumizi yaliyoidhinishwa. Juu paweza kuwa paliidhinishwa kuwa ofisi au stoo, mtu akaweka vyumba vya kulala bila kibali, na mamlaka ya mipango miji itakuja kugonga mlango wako. Benki nayo inaweza kulihesabu jengo zima kuwa la biashara, na masharti ya mkopo yakabadilika, kodi ya serikali vilevile.

Mpima aende uwanjani na ramani ya usajili, athibitishe mipaka na njia ya kuingilia mlango wa nyuma. Kama njia inapita kwenye kiwanja cha jirani, haki hiyo iwe imeandikwa. Madeni ya kodi ya majengo na ya maji yalipwe na muuzaji. Bima ulizia mapema, kwa kuwa sehemu nyingine hasara ya moto inahamia kwa mnunuzi tangu mkataba unaposainiwa.

Kuhusu majina mawili, andikisheni, lakini chagueni namna. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa mwingine anabaki na mali yote, na kuna wa hisa ambao fungu la kila mmoja linaingia kwenye mirathi yake. Zungumzeni mkiwa wawili, kisha mumwambie wakili.

Mwambie dalali amana utalipa majibu ya upekuzi yakishatoka. Kama mnunuzi yule mwingine hawezi kungojwa, mwache anunue. Na mkataba wa mpangaji ukiupata, nitumie nakala. Nataka kukisoma kipengele cha kuongeza muda kabla hujatia sahihi popote.

Akupendaye,
Mama