Una shahada ya Historia na Kiswahili? Usikimbilie kuanza upya

Mdogo wangu, umeuliza kama shahada yako ya Historia na Kiswahili haina soko, na kama uanze diploma ya uhasibu maana mwaka unakatika uko nyumbani Masasi. Mimi nasema usianze upya bado.

Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, endelea kuomba, lakini usikae unaisubiri hiyo tu. Angalia kilicho jirani. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, mauzo yanapita stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, kisha zinauzwa kwa mnada, mfumo ulioanza kwenye korosho 2007, na kila AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ina wakulima wanaotaka kueleweshwa makato yao, mikutano ya kuandikiwa mihtasari, barua za malalamiko za kujibiwa. Hiyo ni kazi ya mtu wa lugha kabisa! Nenda kwa katibu wa chama cha kwenu, jitolee kuandika muhtasari wa mkutano mmoja: waliohudhuria, hoja, maazimio, nani afanye nini na lini. Kurasa mbili hizo, ukiziambatisha kwenye maombi, zina uzito kuliko CV iliyojaa "mchapakazi" na "mbunifu".

Kwa upande wa historia, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Ukiweza kumweleza mgeni Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani huko Kilwa Kisiwani, vizuri, kwa Kiswahili na Kiingereza, una pa kuanzia; ila ulizia kwanza taratibu za leseni.

Uhasibu uache. Kozi fupi ya Excel inatosha kwa sasa. Halafu niambie: utafiti wako wa mwaka wa tatu ulihusu nini?