Kikao cha kwanza: muone kwanza aliyekitarajia cheo hicho

Dada, umesema umepandishwa cheo usimamie stoo ile ile uliyofanyia kazi, Jumatatu unakaa na wenzako kwa mara ya kwanza ukiwa meneja, na hujui uanzie wapi. Mimi nasimamia godauni la chakula cha mifugo eneo la viwanda hapa Nakuru, na nilipewa kazi hiyo nikiwa karani miongoni mwa hao hao ninaowasimamia. Nakujibu kwa niliyoyapitia.

Kikao chako kianze kabla ya Jumatatu. Karibu kila timu ina mtu aliyejua cheo kile ni chake. Kwetu alikuwa mzee wa mizani, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilimfuata Ijumaa jioni, nikamwambia, "Mzee, Jumatatu nitaongea na watu, na sitaki usikie mbele yao jambo ambalo hujalisikia kwangu." Nikamweleza mpango wa zamu, kisha nikamuuliza watu wanaumwa na nini. Hakunipongeza, na sikumdai pongezi. Ila aliniambia jambo ambalo ofisini halikujulikana: wapakiaji waliamini nimepewa cheo ili nipunguze watu. Nisingelijua hilo, ningewahubiria mauzo watu ambao masikio yao yanangoja kusomewa majina.

Kwa hiyo neno langu la kwanza baada ya salamu lilikuwa kwamba sijapewa orodha ya mtu yeyote wa kuondolewa. Kama nawe unaweza kusema hivyo na iwe kweli, liseme mapema kabisa. Kama hujui, usiwafariji kwa maneno matupu. Waambie utauliza kwa wakubwa, na utaje siku utakayowaletea jibu.

Usikutane nao jioni. Wanaoishi nje ya mji, kule Njoro na Bahati, wanawaza matatu za kurudi nyumbani, na wingu likishatanda hakuna anayekusikiliza. Sisi hukaa asubuhi zamu zinapopishana, chai na mandazi zikiwepo, na nusu saa inatosha.

Lugha nayo ni jambo zito. Zamu yetu moja ina Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya na Wakisii, na wengi wetu tulikuwa Nakuru hii Januari 2008, wakati wa ghasia za kikabila baada ya uchaguzi. Ongea Kiswahili tangu salamu hadi vikombe vinapokusanywa. Hata mzaha mdogo wa lugha ya nyumbani na watu wawili unawaacha wengine wakijiuliza wamesemwa nini, na hofu hiyo ikishaingia kwenye timu huitoi kwa hotuba.

Vitisho uviache kabisa. Kuna mameneja wanaoanza na "atakayechelewa ataenda nyumbani." Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akiwepo, na amsikilize. Wafanyakazi wengi wanalijua hili siku hizi. Likizo pia wataiuliza, basi uwe na jibu: si chini ya siku 21 za kazi zenye malipo kwa kila miezi 12 ya utumishi. Beba daftari lenye siku alizobakiza kila mmoja. Sisi tulipolifungua lile daftari ndipo waliokuwa wamekaa nyuma walipoanza kuongea.

Wakiongea, andika wakikuona. Usijitetee, usieleze kwa nini ofisi ilifanya hivi au vile. Chagua jambo moja dogo lililo ndani ya uwezo wako na ulitimize wiki hiyo hiyo. Kwetu lilikuwa glavu za wapakiaji. Yaliyobaki bandika ukutani karibu na mlango wa stoo, kila jambo na siku ya jibu lake. Siku ikifika na makao makuu hayajajibu, simama pale pale uwaambie hayajajibu, uandike tarehe nyingine.